Risala ya Shule ya Watu Watatu

"Ahadi ni…?" MC aliuliza, kipaza sauti mdomoni, mkono mmoja ameunyoosha kwa watu. Watu waliojaa chini ya turubai pale Manundu wakaitikia kwa furaha ambayo sikuipenda: "Deni!" Nikageuka kumtafuta aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, maana sauti ilitoka karibu, hapo hapo meza kuu. Alikuwa mke wangu.

Hiyo ni Jumamosi iliyopita, Korogwe. Mgeni rasmi nilikuwa mimi. Nimevaa suti, nimebandikwa ua la kitambaa kifuani, mbele yangu chupa ya maji na sahani ya karanga, na jasho linanitiririka mgongoni kwa sababu joto la Korogwe halina habari na vyeo.

Shule iliyonialika ni sebule ya dada yangu. Ina wanafunzi watatu, wote wamezaliwa na mwalimu mkuu. Binti mkubwa ndiye dada mkuu. Wa kati, mvulana wa miaka kumi na miwili, ni kaka mkuu, katibu wa shule, mtunza stoo na msoma risala. Kitindamimba ndiye wanafunzi wengine wote: MC akisema "naomba wanafunzi wasimame," husimama peke yake, kisha hutazama nyuma kuona kama wenzake nao wamesimama. Shemeji anafundisha hisabati, na sayansi siku ambazo hana safari. Ukutani, juu ya friji, yamebandikwa matokeo ya muhula, yenye jina, alama na nafasi. Kitindamimba ameshika nafasi ya tatu kati ya watatu kila muhula, na kwenye sehemu ya maoni mwalimu wa darasa, ambaye ndiye mama yake mzazi, ameandika: "Aongeze bidii. Mzazi afuatilie."

Haya yote yaliletwa na corona. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza shule zifungwe, na mpaka 29 Juni shule za msingi zilipofunguliwa, Tanzania nzima ilikuwa inasoma nyumbani, kwa redio, kwa televisheni na kwa vitisho vya wazazi. Wengi wetu tulifikisha watoto getini asubuhi ya kwanza kabla ya mlinzi. Dada hakupeleka. Alikuwa ameona jambo. Mtoto wake wa kati, ambaye darasani alikuwa hajui kusoma, miezi ile alijifunza kwa kusoma kanga za mama yake zilizoanikwa uani. Sentensi ya kwanza aliyoisoma bila kukwama aliisoma mbele ya bibi yake mzaa baba, na ilikuwa kwenye kanga ambayo dada aliinunua kwa ajili ya bibi huyo huyo, ila haikukusudiwa isomwe kwa sauti.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka saba, na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Kwa hiyo mtendaji alifika. Shemeji akamtolea barua ya kituo cha masomo ya mtandaoni kilichowasajili watoto. Mtendaji akaisoma, akaigeuza, akasoma na upande usio na maandishi, kisha akaomba maji ya kunywa. Hajarudi tena, lakini mtaa haukuridhika. Maneno yakawa watoto wamefichwa, hawajui kucheza na wenzao, hawajui Kiswahili. Ndipo dada akaanzisha mahafali. Kila mwaka watoto watolewe nje, waimbe, wasome risala, waeleze walichojifunza, na majirani wale pilau wakijionea kwamba hakuna mtoto aliyefungiwa kabatini.

Sasa niseme kidogo juu ya risala, kwa sababu ni fani ninayoiheshimu. Risala ya shule nchini mwetu haitungwi, inarithiwa. Inaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu. Inamkaribisha mgeni rasmi "licha ya majukumu mazito uliyonayo," hata kama mgeni huyo ameamka saa nne. Inatoa historia fupi ya shule, idadi ya wavulana na wasichana, mafanikio, changamoto, maombi, halafu inamtakia mgeni safari njema kabla hajala. Ufundi wote uko kwenye changamoto. Changamoto ya risala haina mtenda. Kuna upungufu wa madawati, lakini hakuna aliyeyapunguza. Kuna uchakavu wa vyoo, na vimechakaa vyenyewe. Kuna ukosefu wa umeme, ambao ulikuja kwa miguu yake ukaketi. Mgeni rasmi anaitikia kwa kichwa, anaandika kitu kwenye karatasi, hakuna aliyeguswa, watu wanakwenda kula.

Mpwa wangu hakurithi risala. Alikaa mezani akaitunga, na mama yake amemfundisha kwamba sentensi iliyokamilika humtaja aliyetenda.

"Changamoto ya kwanza," alisoma, sauti kavu ya mtu anayesoma bili ya maji, "mwalimu wa hisabati husinzia baada ya ugali. Changamoto ya pili, mwalimu mkuu hukatisha kipindi akisikia muuza dagaa. Changamoto ya tatu." Akainua macho. "Mgeni rasmi."

Nilidhani ananiita. Nikatabasamu, nikapunga mkono.

"Mwaka jana mgeni rasmi aliahidi tufe la dunia, ile dunia ya kuzungusha, kabla muhula wa kwanza haujaisha. Utekelezaji hadi leo: asilimia sifuri. Hatua zilizochukuliwa: tulipiga simu. Aliyepokea alisema mjomba anaoga. Jioni tulipiga tena, mjomba anaoga. Kesho yake asubuhi mjomba alikuwa anaoga."

"Msafi huyo," akasema bibi mmoja kutoka viti vya nyuma.

Watu walicheka mpaka milingoti ya mkonge iliyoshikilia turubai ikatikisika. Mtoto alisubiri wanyamaze, kwa adabu zote, kisha akaendelea: "Kwa kukosa tufe, tumesoma jiografia ya dunia kwa chungwa." Kitindamimba akapita katikati na sinia. Juu yake lilikaa chungwa la Muheza, limechorwa mabara kwa kalamu ya bluu. Lilikuwa la karibuni. Yaliyotangulia, kwa mujibu wa risala, hayakudumu: moja liliota ukungu kwenye Bahari ya Hindi, jingine lilianza kuoza Australia, na lililochorwa vizuri kuliko yote baba yao alilila usiku akitafuta kitu cha kuondoa kikohozi.

Hapa naomba nisimamishe aibu yangu, kwa sababu alichokifanya yule mtoto na lile chungwa sikuwahi kukiona tangu nijue darasa ni nini, na nikiwa bado natamani ardhi inimeze nilijikuta nimeinamia mbele ili nione vizuri.

Alitundika ramani ya dunia, ile iliyokuja na kalenda. Akauliza ipi kubwa, Afrika au Greenland. Watu walitazama. Kwenye ramani ile zilikaribiana, na mwalimu mmoja mstaafu, aliyekaa mbele na fimbo yake, akasema Afrika ni kubwa ila kwa kidogo. Mpwa wangu akachukua kisu, akalimenya chungwa taratibu, ganda likatoka zima bila kukatika. Akaliweka mezani akalikandamiza kwa kiganja. Likapasuka pembeni, huku na huku, likaacha mianya.

"Dunia ni hili ganda," akasema. "Ukitaka likae kwenye karatasi bila mwanya, itabidi ulivute."

Basi akaeleza. Mistari ya longitudo inatoka Ikweta ikiwa mbalimbali na inakutana yote kwenye ncha. Mwaka 1569 mchora ramani aitwaye Gerardus Mercator, akiwa Duisburg, Ujerumani, aliamua kuichora yote isimame wima bila kukutana. Maana yake kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, ndivyo nchi inavyovutwa upana. Na ili umbo lake lisiharibike, ikabidi aivute na urefu kwa kiasi hicho hicho. Ukifika nyuzi 60, upana umeshakuwa mara mbili na urefu mara mbili, kwa hiyo eneo limekuwa mara nne. Ukizidi hapo uvimbe unazidi, na ncha yenyewe haichoreki kabisa, ingehitaji karatasi isiyo na mwisho. Kwa nini mtu mwenye akili zake afanye hivyo? Kwa sababu ya mabaharia. Kwenye ramani ya Mercator nahodha anaweka rula kati ya bandari mbili, anapima pembe, anaishika pembe hiyo hiyo kwenye dira na anafika. Pembe zilibaki kuwa za kweli, ukubwa ukawa uongo. Mabaharia hawakujali Greenland ina ukubwa gani, walikuwa hawaendi kuilima.

Ukweli ni kwamba Greenland ina kilomita za mraba milioni mbili na kidogo, na Afrika milioni 30. Greenland zinaingia kumi na nne humu ndani. Chukua Tanzania mbili, ongeza mikoa michache, umeipata Greenland yote na barafu yake. "Na sisi wa Korogwe," akamalizia mtoto, "tuko nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta. Hatujavutwa. Tumechorwa karibu sawa na tulivyo. Waliovimba ni wengine."

Kimya kikaingia, kile cha watu wanaosoma ramani ya kalenda upya. Mzee mmoja aliyestaafu reli akanyoosha mkono. Huyu ni mtu makini. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya kutoonekana kwa zaidi ya miaka 20, alikwenda stesheni na saa yake ya mkononi kuangalia kama wamesahau kazi. Akauliza: "Sasa huyo Greenland analipa nini ili aonekane mkubwa?"

"Halipi, babu. Ni ramani ya wenye meli."

Mwalimu mstaafu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema alifundisha jiografia maisha yake yote. Hakuongeza neno. Makofi yakalipuka, na mimi nikapiga kwa nguvu, nikiamini tufe limeshasahauliwa katikati ya sayansi. Mtoto akakunja karatasi yake. "Tungekuwa na tufe," akasema, "tusingeharibu machungwa." Hapo ndipo MC alipouliza ahadi ni nini.

Kwa faida ya wanaosoma nyumbani, naomba nieleze ahadi inavyofanya kazi. Kwenye harambee kuna vitu viwili, taslimu na ahadi. Taslimu inaingia kwenye beseni. Ahadi inaingia kwenye daftari. Mwishoni MC anatangaza: "Taslimu laki mbili na elfu kumi, ahadi milioni tatu na laki tisa, jumla milioni nne, laki moja na elfu kumi! Makofi!" Na makofi yanapigwa kwa jumla. Hakuna anayepiga makofi ya laki mbili kwanza halafu akasubiri. Saa ile watu wote wana milioni nne na kitu, wanaziona, wameshakula pilau yake, na wanarudi nyumbani wakiwa na furaha ya milioni nne. Furaha hiyo ni halali, imeshatumika, na hakuna atakayeirudisha hata daftari likipotea.

Kiwango cha ahadi nacho kina kanuni zake. Kinapanda kwa kadiri ya idadi ya watu waliokaa meza kuu, kinapanda tena ukipewa kipaza sauti ukiwa umesimama, na kinapanda maradufu aliyekutangulia akiwa mtu mnayegombania heshima ya mtaa. Mwaka jana, kabla yangu, jirani mwenye mashine ya kusaga aliahidi rimu za karatasi. Nikikaa na mke wangu pembeni, ua kifuani, ningeahidi penseli? Tufe lilitoka lenyewe. Na nilipolitaja, nani hakushangilia? Dada alipiga vigelegele. Watoto waliruka. Siku ile walilipata tufe, kwa maana yote muhimu isipokuwa ya kulizungusha.

Tena jamii yetu imeweka rehema. Daftari la ahadi hubadilishwa kila mwaka. Kamati mpya, mweka hazina mpya, daftari jipya, lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. La zamani linafungia maandazi. Mtoto aliyesoma shule ya kawaida analijua hili bila kufundishwa, kwa sababu ameshasimama juani akaimba kwa ajili ya mgeni aliyeahidi uzio, mwaka uliofuata akaimba kwa ajili ya mwingine aliyeahidi kompyuta, na akimaliza darasa la saba haulizi tena uzio uko wapi. Wapwa zangu hawajapita darasa hilo. Wana daftari moja tu, walilolianza 2020, na wanaandika kote kuwili kwa sababu mama yao hataki uharibifu.

Baadaye ikaja ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa ngonjera nguvu, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa njia ya kufikisha siasa ya Ujamaa kwa watu kwa mashairi ya majibizano. Tulioshika chaki na kuvaa kaptula zenye viraka tunaijua. Kuna mjuzi na kuna mbishi. Mbishi anapinga, mjuzi anaeleza, mbishi anapinga tena kwa sauti ya chini kidogo, kisha anakiri na wote wanaimba pamoja. Sijawahi kuona mbishi aliyeshinda. Dada mkuu alikuwa mjuzi. Mbishi akatoka nyuma ya pazia, ni yule yule katibu, amevaa koti refu, tumbo la mto wa kulalia, anakohoa kabla ya kila sentensi na kuivuta suruali juu kwa vidole viwili. Nina tabia ya kuvuta suruali juu kwa vidole viwili. Pia nasemekana natumia sana neno "kimsingi."

"Kimsingi mi nasema, shule ni pale shuleni,
Mtoto akae nyuma, bila dawati chumbani,
Hata kama hakusoma, jina limo kitabuni,
Kimsingi ndio wema, tusiulize kwa nini."

Mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho, hakuna kilichopungua. Mwalimu mstaafu alihesabu kwa vidole, kila mstari, akawa anatingisha kichwa kwa raha. Kilichoniuma zaidi ni mwisho. Badala ya mbishi kukiri, ngonjera ilikatika katikati. MC akauliza mbona haijaisha. Mtoto akasema: "Mjomba hajakubali bado, kwa hiyo hatujui mwisho wake."

Na hapo nami kicheko kimenikauka, kwa sababu ubeti ule niliusema kweli, mezani kwa dada, miaka ya nyuma, karibu neno kwa neno, na ni maneno yanayosemwa na kila mtu mwenye akili timamu mjini kwetu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango shuleni kuanzia Januari 2016. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani wakaja, na ni haki yao waje. Madarasa hayakuja nao. Mpwa wangu alikuwa anakaa sakafuni, nyuma, mbali na ubao, kati ya wenzake wengi kiasi kwamba mwalimu, mama wa watu mwenye sauti iliyokwisha, alikuwa anasahihisha madaftari kwa lundo, lundo la leo wiki ijayo. Mtoto alihudhuria kila siku. Jina lilikuwa kitabuni. Kwa hesabu za nchi alikuwa anasoma.

Pita barabara yoyote ya vumbi huku kwetu utayaona maboma. Wananchi wamechanga mchanga, kokoto, tofali na nguvu zao, wameinua kuta nne za darasa, wamefika juu, wameambiwa wasubiri bati. Mvua imenyesha, mbuzi wamehamia, mbegu ya mpapai imeota dirishani na imezaa. Siku ya kuweka jiwe la msingi palikuwa na turubai, na pilau, na mgeni rasmi mwenye ua kifuani, na makofi ya jumla. Nani alimpigia simu mwezi wa tatu? Nani alisomewa asilimia yake hadharani mbele ya mke wake? Tufe langu moja limehojiwa kwa risala, kwa chungwa na kwa beti za mizani kumi na sita. Darasa zima la watoto linakosa paa na kwenye risala linaandikwa "upungufu," na upungufu hauna simu. Mimi nimedaiwa kwa sababu ni mjomba. Nafikika. Wanajua naoga saa ngapi.

Turudi chini ya turubai. Keki ilikuwa na ramani ya Tanzania isiyo na Pemba, na jirani yetu Mpemba aliikataa. Jenereta lilizimika wakati wa hotuba yangu, na watu wakashukuru.

Jumapili tulihamia Handeni, kwa mama yangu, kwa kuwa dada anaamini wajukuu lazima waonekane na upande ule. Binti mkubwa alitaka kuonyesha jinsi mto unavyokula kingo zake, akaanza kumimina ndoo ya maji kwenye kilima cha mchanga. Handeni maji yanasukumwa kwa mabomba kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na siku yakifika hufika yamechoka. Akina mama wanne walisimama kabla hajafika nusu ya ndoo, na somo la mmomonyoko likaishia hapo.

Mama alitazama yote kimya, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Nilitegemea angalau yeye ashangae jambo jipya, mtoto kufundishwa nyumbani kisha kutolewa mbele ya watu. Hakushangaa. Akasema Wazigua walikuwa na shule hiyo kabla ya chaki. Wavulana walipelekwa galo, wasichana waliwekwa ndani, wakafundishwa kwa nyimbo na kwa vinyago vya udongo, kila kinyago na wimbo wake, kila wimbo na somo lake. Mzungu mmoja wa serikali ya kikoloni, Hans Cory, alivutwa na vinyago hivyo vya Tanganyika hata akaviandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Siku ya kutoka, watoto walipakwa mafuta, wakavikwa, wakacheza mbele ya watu, wakatunzwa.

"Tofauti ni moja," mama akasema. "Sisi tuliyofundishwa ndani tuliyanyamazia mpaka kaburini. Hawa wenu mmewatoa nje wakaanza kusema."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo uani wote uliisikia, hilo tufe linauzwa shilingi ngapi.

Jumatatu nilikwenda Tanga mjini nikalinunua, dukani walibaki nalo moja, nikalibeba mapajani kwenye basi njia nzima huku abiria wa jirani akilizungusha bila ruhusa kumtafuta binamu yake aliyeko Oman. Nikalifikisha kwa dada jioni. Katibu alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akalizungusha mara moja, akalisimamisha kwa kidole. Sudan ilikuwa moja. Sudan Kusini imekuwa nchi tangu Julai 2011, akanikumbusha, kwa hiyo tufe hili ni la kabla hajazaliwa. Akafungua daftari. Nilichungulia. Kwenye safu ya utekelezaji alikuwa ameandika: asilimia 50.

Mgeni rasmi wa mwakani si mimi. Wamemwalika diwani, na kadi yake imeshaandikwa. Chini kabisa, kwa mwandiko wa katibu, pana mstari mmoja: "Tafadhali uje na ahadi ikiwa ndani ya mfuko."